Ndoo ya Mishumaa

Mama Mkubwa alitunza sakristia ya parokia yetu miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwona ametulia kanisani kama waumini wengine. Wenzake wakipiga magoti, yeye anaangalia kama kitambaa cha altare kimekaa sawa. Wenzake wakifumba macho, yeye anahesabu mishumaa. Parokia nzima ilimwita Mama Nta, kwa sababu nta haikumbanduka: ilikuwa kwenye kucha, kwenye mikunjo ya vidole, kwenye pindo la gauni. Ni dada mkubwa wa mama yangu, tumbo moja, na hakujaliwa mtoto. Mtoto wake nilikuwa mimi, nipende nisipende.

Kazi yake aliijua. Vipande vya mishumaa vilivyobaki baada ya misa alivikusanya kwenye ndoo, akaviyeyusha katika chumba cha nyuma, akaichuja nta kwa shuka kuukuu, akaisubiri ipoe kidogo na kuimimina kwenye vipande vya bomba vilivyopakwa mafuta ndani. Mabomba hayo nilimpa mimi. Mimi ni fundi umeme, na fundi umeme hakosi vipande vya bomba la kupitishia nyaya. Nta ikiganda, anaisukuma kwa kijiti, unatoka mshumaa mpya, umenyooka, wenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Parokia haikuwa na kitu, na mapadre wanne waliopita pale wote walimsifu kwa kubana matumizi. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kusema mabaya.

Mabaya ni haya. Kaka yangu alikwenda kufanya kazi migodini, mbali, na baada ya mwaka mmoja akawa kimya. Hakuna simu, hakuna salamu. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na kila Jumamosi asubuhi aliacha cherehani akaenda kanisani kumwashia kaka mshumaa kwenye sinia la mchanga, pembeni, chini ya sanamu ya Bikira Maria. Aliamini kwamba mshumaa ukiachwa uwake mpaka uishe wenyewe, maombi yanaendelea hata kama wewe umeshaondoka kwenda kutafuta riziki. Sijui nani alimfundisha. Katekisimu niliyosoma mimi haikusema hivyo. Lakini ndiyo imani iliyomtoa kitandani kila asubuhi kwa miaka miwili, na mimi sikuwa na bora zaidi ya kumpa.

Jumamosi moja akasahau mwavuli, akarudi kuuchukua. Akamkuta dada yake amelowesha vidole kwa mate, anabana utambi wa mshumaa wa kaka na kuutupia kwenye ndoo. Mshumaa haukuwa umepungua hata nusu kidole. Siku nne baadaye tukaletewa habari kwamba kaka amefariki, tena alikuwa ameshazikwa miezi miwili. Mtu yeyote anayejua hesabu angesema mshumaa wa Jumamosi ile haukumuua mtu. Mama anajua hesabu kuliko mimi. Alichomuuliza dada yake mbele ya waombolezaji ni Jumamosi ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata.

Mama Mkubwa alijibu kama mtu anayejibu mkaguzi. Alisema padre alikataza moto kuachwa kanisani bila mtu, tangu kitambaa cha altare kilipoungua, na kwamba sala iko moyoni, haiko kwenye utambi. Yote mawili ni kweli. Mama akamwambia kwamba mtu alikuwepo, kwamba mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe na fagio lake, na kwamba atoke nyumbani kwake. Miaka minane hawakusalimiana. Wanakaa mtaa mmoja, wananunua sabuni duka moja, na wakikaribiana njiani mmoja anavuka barabara. Mama aliacha kanisa kabisa. Mimi nikabaki katikati, leo nabadilisha taa kwa huyu, kesho natengeneza pasi ya yule, na kote naulizwa habari za upande wa pili kwa kuzungukazunguka. Walinikera wote wawili. Nilikuwa nimempoteza kaka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniuliza mimi naendeleaje.

Mama Mkubwa alipostaafu, parokia ikamzawadia safari ya hija: siku sita, makanisa manne, chemchemi moja, pango moja, na mtu mmoja wa kumshika mkono kwa sababu ya magoti yake. Akanichagua mimi. Nilipokwenda kumwambia mama, alikuwa ananipigia pasi mashati, na aliyakandamiza kana kwamba yalimtukana.

"Nenda," aliniambia. "Ila asiniletee kitu. Asiniletee maji ya baraka, asiniletee rozari, asiniletee picha."

Nilikwenda na nia njema. Hilo nalo lieleweke. Mimi ni Mkristo wa kawaida, wa kusali nikiwa juu ya ngazi na waya mkononi. Nilitaka mara moja maishani nisimame mahali ambapo watu wamemlilia Mungu kwa mamia ya miaka, nione kama kuna kilichobaki hewani.

Kilichobaki hewani ni kipenga. Kiongozi wa msafara wetu alikining'iniza shingoni na alikipuliza bila aibu mbele ya masalia ya watakatifu, na kufikia saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza jina lake lilikuwa Kipenga. Alitupa dakika kumi kwenye chemchemi. Alitupa dakika saba kwenye kaburi la mtakatifu. Dukani alitupa dakika arobaini, na kule hakupuliza. Kila ukuta ulikuwa na tangazo: usiguse, usiketi, usiegemee, usisimame hapa. Kwenye kaburi lile mzee mmoja wa kundi letu, seremala, aliyeweka nadhiri ya kufika pale tangu ujana wake, alikuwa hajamaliza ishara ya msalaba tulipoambiwa tusonge. Akaimalizia kwenye korido, akiwa ametazama mlango wa choo. Damu ilinichemka. Yeye alicheka tu, na kucheka kwake kuliniudhi zaidi.

Pangoni nilipandwa na hasira za kikazi. Nyaya za taa zilikuwa zimepigiliwa kwenye mwamba kwa misumari, na maungio yake yamefungwa kwa utepe juu kabisa ya maji ambayo watu walikuwa wananawia uso. Nilimwonyesha Kipenga. Akanijibu kwamba mahali pale pana ulinzi wa Mungu. Nikamwambia Mungu sidhani kama ndiye aliyefunga waya ule.

Nitasema na jema moja, nisije nikaonekana mtu wa kununa tu. Ndani ya pango lile kuna jiwe lililolika. Watu wamelipapasa mpaka limekuwa na shimo la ukubwa wa kiganja, laini kama ndani ya kikombe. Tangazo lilikataza kuligusa. Nikaligusa. Kiganja kikazama pale, kikatoshea, nikawaza ni akina mama wangapi wamesimama hapa na majina ya watoto wao mdomoni. Nilitaka nimtaje kaka. Nilikuwa nimefika nusu ya jina lake kipenga kilipolia, na mtu wa nyuma yangu akanisukuma kwa mkoba.

Siku ya tano tukafika kanisa kubwa, ndilo lenyewe, ambalo watu hulilia hata kwenye picha. Kipenga akatangaza robo saa. Pembeni ya altare kulikuwa na masinia ya mchanga yamepangwa kama vitanda vya wodi, na mishumaa mia kwa mia inawaka. Mama Mkubwa akaniongoza moja kwa moja pale. Akafungua mkoba wake, akatoa foronya iliyokunjwa, na ndani ya foronya mshumaa mnene wa rangi ile ile ya meno ya mvuta tumbaku. Alikuwa ameulalia siku tano bila kuniambia.

"Huu ni wa kaka yako," alisema. "Nataka uwake hapa mpaka uishe. Nikirudi nimwambie mama yako umeisha wenyewe."

Miaka minane sikuwa nimemsikia akimtaja kaka. Nikasema la kipuuzi: kwamba mshumaa mnene vile unataka saa mbili, na Kipenga kashatoa robo saa. Akanijibu kwamba hana haja ya kuulinda. Huku si kwetu, alisema. Kwetu ni shida, lakini mahali patakatifu namna hii, penye nta ya kumwaga, nani ahangaike kuzima mshumaa wa mtu? Alisema kwa uhakika kabisa, mtu aliyezima mishumaa ya watu miaka thelathini na miwili.

Akauwasha kwa moto wa jirani yake, akauchomeka mchangani, akaupima kwa jicho kama umenyooka. Kisha akapiga magoti. Ilimchukua muda kushuka, akinishika mkono, na alipofika chini akafumba macho. Mama Mkubwa, aliyefumba macho kanisani kwa mara ya kwanza nikimwona.

Bruda mmoja, mtawa wa kanisa lile, alitokea upande wa kulia. Kijana mnene, mkanda wa kamba kiunoni, ndoo ya plastiki mkononi. Alikuwa anapita kwenye masinia kama mtu anayevuna: analowesha vidole kwa ulimi, anabana utambi, anang'oa, anatupia ndani ya ndoo. Hakuangalia mshumaa upi ni mrefu na upi ni mfupi. Nyuma yake mahujaji wengine walikuwa wanachomeka mipya palipobaki mashimo. Akafika kwetu. Akabana wa kaka, akaung'oa, akautupia ndani. Mama Mkubwa alikuwa bado yuko chini. Alisikia ule mlio mdogo wa mate kwenye moto, akafumbua macho. Mlio ule aliujua kuliko mtu yeyote mle ndani.

Sijivunii nilichofanya. Nilimshika bruda mkono wa ndoo na nikamwambia maneno ambayo mtu hasemi kanisani. Nilimuuliza ana haki gani. Nilimuuliza kama ana mama. Nilimwambia mtu huyu amesafiri na magoti mabovu, kwamba ule mshumaa ni wa marehemu, kwamba ninyi na vipenga vyenu na maduka yenu mmeufanya mlango wa Mungu kuwa foleni ya kununua tiketi. Watu wakageuka. Bruda hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinijibu kwa upole, kama aliyekwisha kujibu hivyo mara elfu: masinia yamejaa, wengine wanasubiri, na sala iko moyoni, ndugu, haiko kwenye utambi.

Nikamtazama Mama Mkubwa. Alikuwa ameshika ukingo wa sinia, anajiinua, uso umemvimba.

"Mwachie," aliniambia. "Anasema ninayoyasema mimi."

Nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Alipokwisha kusimama akamwambia bruda ampe mshumaa wake. Bruda akasema kilichoingia kwenye ndoo ni mali ya kanisa, kinayeyushwa, kinatengenezwa mishumaa mingine. Mama Mkubwa akamwambia anajua sana kinachofanywa, amekifanya kabla yeye hajazaliwa, na akazamisha mkono ndooni mpaka kiwiko. Bruda akavuta ndoo huku, Mama Mkubwa akavuta huku. Kipenga akaja mbio, anapuliza. Katika mishumaa yote mle, mweupe kwa mweupe, kulikuwa na mmoja tu wa rangi ya meno mabovu, na Mama Mkubwa hakupata shida kuupata. Tukatolewa nje. Ndiyo, tulitolewa nje ya mahali patakatifu kuliko pote nilipowahi kukanyaga, mimi na mtunza sakristia mstaafu, na mshumaa ndani ya foronya.

Aliketi kwenye ngazi, palipoandikwa usiketi. Nikamwambia jambo la maana ni kwamba uliwashwa, kwamba tukifika nyumbani tumwambie mama uliwaka ukaisha, nani atajua? Nilimaanisha. Nilitaka waelewane, nipumzike, hata kwa uongo.

Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake. "Kila Jumamosi mama yako alikuwa ananiaga," alisema. "Ananiambia, dada, mwangalie mwanangu. Namwambia, nenda salama. Miaka miwili. Sasa unataka nikamwongezee?"

Kisha akajitukana mwenyewe, kwa sauti, moja baada ya jingine, majina ambayo sitayaandika. Alisema alikuwa anafagia, alikuwa ana asubuhi nzima, alikuwa anaweza kufagia upande ule mwisho. Mahujaji walimpita wakidhani ameguswa na Roho. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye hata mimi, hasira ya miaka minane ambayo nilikuwa nikiificha kwenye kubadilisha taa, na niliiacha ikae hapo kati yetu kwenye ngazi mpaka kipenga kilipotuita kwenye basi.

Tulirudi Ijumaa. Hakwenda kwake. Alishuka na mkoba wake na akapitiliza mpaka mlangoni kwa mama, saa nane mchana, jua la utosini. Mimi nilitangulia kuingia. Mama alikuwa kwenye cherehani, rundo la kaptura za shule mbele yake, feni inamzungukia kichwani. Alimwona dada yake amesimama kizingitini na hakuinua mguu kwenye kanyagio. Alishona kaptura ile mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akachukua nyingine.

"Nilisema asiniletee kitu," aliniambia mimi.

Mama Mkubwa akaingia bila kukaribishwa. Akaweka mshumaa juu ya meza ya cherehani, kando ya mkono wa mama. Akaeleza. Hakupamba. Alisema aliupeleka ili uwake mpaka uishe, kwamba walikuja wakauzima akiwa bado amepiga magoti, kwamba mtu aliyeuzima alimpa maneno yale yale ambayo yeye alimpa mama siku ya msiba. Alisema alipoyasikia yakitoka mdomoni kwa mwingine ndipo alipojua yalivyo. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Mama aliuchukua mshumaa, akaugeuza. Ubavuni kulikuwa na mstari mwembamba ambao bomba huacha kwenye nta. Akaupitisha ukucha mstari ule.

"Bomba lako hili," aliniambia.

Nikasema ndiyo. Hakunisemesha tena mchana ule.

Akamgeukia dada yake, kwa mara ya kwanza katika miaka minane akamtazama machoni. "Uliwaka muda gani huko?"

"Dakika moja. Labda haikufika."

"Na hapa? Wewe ulikuwa unaniachia muda gani?"

Nilimwona Mama Mkubwa anatafuta namba iliyo bora kuliko ile ya kweli, na nilimwona anaiacha.

"Mpaka ufike getini," alisema.

Kutoka sinia lile mpaka getini ni hatua arobaini, labda hamsini kwa mtu anayetembea polepole. Wote watatu tulikuwa tunazihesabu. Nilidhani atamfukuza, na kusema kweli nilitaka amfukuze. Badala yake akainuka, akazima feni, akachukua kiberiti jikoni na kisahani. Akauwasha mshumaa, akadondosha nta kisahanini, akausimamisha juu yake kati ya kaptura na uzi.

"Kaa," alimwambia dada yake. Hakusema karibu.

Mama Mkubwa akakaa kwenye kigoda. Mama akakaa kwenye kiti chake cha kazi bila kugusa kazi. Mimi nikasimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyeniambia niketi. Hakuna aliyesali kwa sauti, hakuna aliyelia. Joto lilikuwa kali, jasho lilinitiririka mgongoni, na hakuna aliyethubutu kuomba feni. Saa tisa ikapita. Mteja akaja kuulizia sare za watoto wake, akatuangalia, akaondoka. Mshumaa ukashuka kwa uvivu ule ule wa mishumaa yote, na nikaelewa ni muda mrefu kiasi gani mama alikuwa ameomba kila Jumamosi, na ni muda mfupi kiasi gani alikuwa amepewa.

Ilipokaribia saa kumi ulibaki utambi unaoelea kwenye nta, unapepesuka, unatoa moshi mweusi. Mama Mkubwa alikuwa ameutumbulia macho. Mkono wake wa kulia ukainuka pajani, peke yake, kama miaka yote, vidole viwili vikaenda mdomoni, vikalowa, vikaelekea kwenye moto. Sidhani kama yeye mwenyewe aliviona.

Mama aliudaka mkono ule kifundoni. Akauteremsha juu ya meza, akaukandamiza pale kwa mkono wake, juu ya kaptura za shule, na hakuuachia mpaka moto ulipozimika wenyewe.